Usalama wa Mali na Usalama wa Mtu

Katika Kiswahili cha Nairobi, mtu wa usalama ni yule anayesimama langoni. Ndiye aandikaye nambari za magari daftarini, ndiye apekuaye mikoba ya wafanyakazi jioni, na ndiye ashikaye ufunguo wa kufuli usiku. Mgeni akiingia katika kiwanda cha Eneo la Viwanda na kuulizia ofisi ya usalama, yamkini ataelekezwa kwenye kibanda cha bawabu. Lakini yupo mtu mwingine ambaye sheria inamtarajia awemo humo ndani: yule anayepaswa kuhakikisha kwamba mkono wa mfanyakazi hauvutwi na mkanda wa mashine na kwamba mapafu yake hayajazwi vumbi. Huyu naye huitwa afisa wa usalama. Neno ni moja, kazi ni mbili, na si mara chache kazi hizo mbili kugongana.

Waingereza wamejitengea maneno mawili kwa mambo haya. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu mzizi mmoja, wenye maana ya uzima, amani na kutokuwa na kasoro, kikauundia neno usalama na kulibebesha yote. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa upungufu wa lugha na kupendekeza istilahi mpya. Pendekezo hilo linafaa kupokelewa kwa tahadhari. Mama anayemwambia mwanawe afike salama hatofautishi mwizi wa njiani na breki mbovu za matatu; anachotaka ni mwana mzima. Kwa maana hii lugha imeona mbali kuliko idara za serikali na za makampuni. Tatizo limo katika matumizi. Kiwandani, neno lililokuwa la mtu limechukuliwa na mali.

Ushahidi wa hayo ni kufuli. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inaagiza kwamba maadamu kuna mtu ndani ya mahali pa kazi, awe anafanya kazi au anakula, mlango usifungwe kwa namna ambayo hawezi kuufungua mara moja kutoka ndani. Agizo hili si geni wala halikubuniwa Kenya. Lilizaliwa na vifo vya watu wa mbali. Mnamo tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York kiliungua, wakafa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana wa familia za wahamiaji; mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa, na sababu iliyotajwa ni hofu ya wizi. Karne moja ikapita. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda kingine cha nguo kikaungua mjini Karachi, nchini Pakistani, wakafa watu zaidi ya 250, na huko pia habari ikawa ni ya milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma. Nairobi haikuachwa nyuma. Tarehe 28 Januari 2009 duka kubwa la katikati ya jiji liliteketea mchana, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha yao. Malalamiko yaliyosikika siku zilizofuata yalikuwa yale yale: kwamba milango ilifungwa ili bidhaa zisiibwe.

Katika visa hivi vyote mtu wa usalama alifanya kazi yake. Aliifanya kwa ukamilifu.

Kufuli hilo halieleweki vyema bila ya kumwangalia yule anayefungiwa ndani. Mara nyingi ni kibarua. Neno hili wanafunzi wa Kiswahili hulifahamu vizuri kwa sababu ya safari yake ya maana. Kibarua kilikuwa barua ndogo, kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akionyeshe na kulipwa ujira wake. Baadaye kazi yenyewe ikaitwa kibarua. Hatimaye mtu mwenyewe akaitwa kibarua, na vitabu vya sarufi vikamruhusu kuingia katika ngeli ya viumbe wenye uhai. Ni nadra kupata neno linaloeleza hali ya mtu kwa uaminifu kiasi hiki: karatasi iliyopewa miguu.

Kibarua wa Nairobi aghalabu hulala upande wa magharibi na kufanya kazi upande wa mashariki. Hutoka Kawangware kabla ya jua kuchomoza, hufuata barabara ya Gitanga iliyopakana na nyua za Lavington, hupita Hurlingham, hushuka hadi Haile Selassie na kulikata jiji kuelekea barabara ya Lusaka na viwanda vilivyo nyuma yake. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita kumi, na wanaoutembea kwa miguu kila asubuhi ni maelfu, kwa kuwa nauli ya matatu ikitolewa katika ujira wa siku, kinachobaki hakitoshi unga na kodi. Njiani hupita karibu na Bishops Road, yaliko majengo ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni ambamo Wizara ya Kazi ina ofisi zake. Wizara na kibarua hukaribiana kila siku pasipo kuonana. Wakati huo wa alfajiri madirisha ya ofisi bado yana giza.

Akifika langoni husubiri. Msimamizi hutoka, huhesabu vichwa anavyovihitaji, wengine huambiwa warudi kesho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamwita kibarua mtu anayeajiriwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa wakati mmoja na kulipwa mwisho wa siku. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba akiendelea mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, hesabu ya ajira yake inabadilika na anastahili kuchukuliwa kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Wenye viwanda wanaijua ibara hii vizuri. Ndiyo maana wapo wanaohakikisha kwamba kibarua hapati siku thelathini zinazofuatana. Humwambia apumzike wiki moja, kisha arudi akiwa mtu mpya.

Hapa ndipo usalama wa mtu unapoanza kuharibika, mapema kabla ya mashine kuwashwa. Mtu mpya kila wiki hafunzwi mashine, kwa sababu mafunzo yake yataondoka naye. Hapimwi masikio wala mapafu, kwa sababu hakuna faili la kuandikia matokeo. Hapewi buti za saizi yake. Hupewa zile alizozivua mtu wa jana, zikiwa bado na unyevu. Kamati ya usalama na afya, ambayo sheria inaitaka katika kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi, hukutana ikiwa na wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi. Kibarua hawezi kuwa mwakilishi wa yeyote. Hata yeye mwenyewe hajui kama kesho atakuwapo.

Kisha hutokea ajali. Neno hili nalo lina historia yake, na pengine ndilo zito kuliko yote yanayotumika viwandani. Asili yake ni Kiarabu, ambako lina maana ya muda uliokadiriwa, hasa ule mwisho wa uhai ambao mja hawezi kuusogeza mbele wala nyuma. Kwa mshairi wa zamani wa Pwani, ajali ya mtu ni siku yake ya kufa. Kiswahili cha leo kimelichukua neno hilo la majaliwa na kulibandika kwenye kidole kilichokatwa na msumeno. Mfanyakazi akipoteza kidole, wenzake humpa pole na kumwambia kwamba ajali haina kinga. Msimamizi huitikia methali hiyo kwa haraka ya kushangaza. Anayeifaidi zaidi ni yeye.

Yafaa methali hii ichunguzwe mbele ya mashine yenyewe. Sehemu za hatari za mashine, kama vile magurudumu yenye meno, mikanda, visu na roli zinazozunguka, sheria inataka zizibwe kwa kizuizi imara. Kizuizi hicho, mafundi wa Kiswahili hukiita kinga. Kinga ya msumeno, kinga ya mkanda, kinga ya jiwe la kunolea. Kwa hiyo pale methali inaposema kwamba ajali haina kinga, kwenye karakana inasema jambo lililo uongo wa wazi: kinga ilikuwapo, iliuzwa pamoja na mashine, ikafunguliwa kwa spana kwa sababu ilipunguza kasi ya kazi, na sasa imelala chini ya benchi ikikusanya vumbi. Methali nyingine ya Kiswahili inasema kinga ni bora kuliko tiba. Hizi mbili hukaa pamoja katika vitabu vya shule bila ya ugomvi wowote. Kiwandani haziwezi kukaa pamoja. Moja lazima iitoe nyingine.

Wataalamu wa usalama kazini wana mpangilio wao wa kinga, na mpangilio huo ungestahili kujulikana zaidi miongoni mwa watu wanaoshughulika na maneno. Hatua ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Isipowezekana, badili kitu cha hatari kwa kingine kisicho na hatari, mathalani rangi isiyo na risasi badala ya rangi yenye risasi. Isipowezekana, itenge hatari na mtu kwa uhandisi: kinga ya mashine, feni ya kufyonza vumbi, ukuta wa kuzuia kelele. Kisha ndipo utaratibu: zamu fupi, mafunzo, alama za tahadhari. Mwisho kabisa, baada ya hayo yote kushindikana, huja glavu, miwani, helmeti na barakoa. Viwanda vingi huusoma mpangilio huu kutoka chini kwenda juu. Glavu hugawiwa, picha hupigwa, daftari hutiwa sahihi; na mfanyakazi akiumia huulizwa kwa nini hakuvaa glavu. Kwa njia hiyo kosa huhama kutoka kwenye mashine na kuingia kwenye mkono.

Kelele ni mfano mzuri. Kanuni za mwaka 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa wastani wa saa 8 katika siku. Atembeaye Kamukunji, pale wafua mabati wanapotengeneza masanduku, majiko na karai, hahitaji kipimo ili ajue kwamba kikomo hicho kilivukwa zamani. Mafundi huzungumza kwa mikono na kwa midomo isiyotoa sauti. Mgeni huidhania kuwa ni mizaha yao, kumbe wengine wao hawasikii tena. Uziwi wa kazini hauna damu, hauna king'ora, na kwa hivyo lugha haiuiti ajali. Huitwa uzee.

Je, sheria imenyamaza? La hasha. Sheria ya mwaka 2007 ni pana kuliko ile ya viwanda, Sura ya 514, iliyoitangulia. Ile ya kale ilihusu viwanda na mahali pengine pa kazi palipotajwa. Hii inamhusu kila mtu aliye kazini, kwa muda au kwa kudumu. Seremala anayechonga vitanda kando ya barabara ya Ngong, kati ya Dagoretti Corner na Karen, chini ya mti na turubai, amo ndani yake. Inamlazimu mwajiri kuarifu kifo cha kazini ndani ya saa 24. Inamtaka mfanyakazi aripoti hatari asiyoweza kuirekebisha mwenyewe, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali ambapo hatari ingalipo. Inakataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika. Kila mwaka mahali pa kazi panapaswa kukaguliwa na mshauri aliyesajiliwa. Ni sheria nzuri. Imeandikwa kwa Kiingereza.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, na Katiba yenyewe ikachapishwa kwa Kiswahili. Sheria zinazomgusa kibarua moja kwa moja hazikupata bahati hiyo. Jirani, Tanzania, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliamua kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili, na hata kabla ya hapo chombo kinachosimamia mambo haya kilijulikana kwa raia kama Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Nchini Kenya mfanyakazi hukutana na haki zake katika herufi ndogo za Kiingereza, zikiwa zimetundikwa karibu na saa ya ukutani, chini ya kioo chenye ukungu. Vyeti vya ISO navyo, ISO 14001 cha usimamizi wa mazingira na ISO 45001 cha usalama na afya, huning'inizwa katika chumba cha wageni, ambako kibarua haruhusiwi kuingia na buti zake.

Hoja kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya ilikufa mwaka 2020, na waliokuwapo waliiona ikifa. Ugonjwa wa Korona ulipoingia, serikali ilitaka kila mtu aelewe, na katika miezi michache neno barakoa likawa mdomoni mwa kila mchuuzi wa barabara ya River Road. Neno hilo lilikuwa la zamani: lilihusu kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa Kiarabu Zanzibari na Omani. Likaitwa, likavuka bahari na bara, likafanya kazi mpya. Karantini, kitakasa mikono na maambukizi yalifuatana nalo. Maneno hayakupungua. Ni haja ya kuyatumia iliyokuwa ikikosekana, na haja hiyo ilikuja pale ambapo maradhi yaliweza kumfikia mkurugenzi pia.

Fasihi nayo haijatenda mengi. Wafanyakazi wamo katika tamthilia za Kiswahili, na wamo kwa heshima. Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, iliyotoka mwaka 1981, iliwaweka jukwaani wafanyakazi wa shambani na mgomo wao. Mstahiki Meya ya Timothy Arege, ya mwaka 2009, iliujaza mji taka baada ya wafanyakazi wa baraza kugoma. Ujira, uongozi na usaliti vimeandikwa sana. Mashine imeandikwa kidogo mno. Mhusika wa riwaya ya Kiswahili hufukuzwa kazi, hugoma, hufungwa jela; ni adimu kumkuta akiwa amesimama saa nane mbele ya roli moto, akihesabu mapigo yake ili ajue lini atoe mkono.

Hadi hapa mazungumzo yamekuwa ya ndani ya ukuta. Serikali nayo huutumia ukuta huo kama mpaka wa ofisi. Ndani yake kuna Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya wizara inayohusika na kazi. Nje yake kuna NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Kila moja ina ukaguzi wake wa mwaka, wakaguzi wake waliosajiliwa, na fomu zake. Kemikali ikiwa ndani ya pipa ni ya ofisi moja. Ikiteremka mferejini ni ya ofisi nyingine. Kiswahili hakijui mpaka huo. Mazingira ni yale yamzingirayo mtu, na aliye mbele ya tanuri amezingirwa na moshi ule ule utakaotoka bombani dakika moja baadaye.

Kisa kilicholionyesha jambo hili kwa uchungu zaidi kilitokea Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, ingawa kilimalizikia katikati ya Nairobi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilianza kazi ubavuni mwa kijiji hicho mwaka 2007. Phyllis Omido aliajiriwa humo. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha kwamba damu yake ina sumu ya risasi. Mama huyo ndiye aliyeongoza mapambano hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Je, yeye alikuwa mfanyakazi aliyedhurika kazini au mkazi aliyedhurika nyumbani? Swali hilo lina maana kwa mwenye kujaza fomu pekee. Risasi husafiri katika nywele, katika kucha na katika ovaroli inayofuliwa ndani ya beseni moja na nguo za watoto.

Kiswahili kinaita madini haya risasi, jina lile lile la kile kitokacho katika bunduki. Mtu akisema kwamba mtoto ana risasi mwilini, msikilizaji hushtuka na kutafuta jeraha. Katika Owino Uhuru kushtuka huko kungekuwa sahihi.

Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwatunuku wakazi shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa waliobebeshwa lawama zilikuwamo taasisi za serikali zenyewe, NEMA ikiwa mojawapo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitangua tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu, ambayo jengo lake liko City Hall Way jijini Nairobi, ikairejesha. Fedha za namna hii Kiswahili huziita fidia, na fidia kwa asili yake ni kikomboleo: mali inayotolewa ili mateka aachiliwe. Mateka wa bunduki akikombolewa huwa huru. Mtoto ambaye ubongo wake uliguswa na risasi akiwa na miaka miwili hukombolewa namna gani?

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inakabiliwa na swali lilo hilo kwa hesabu. Ina jedwali linalogawa mwili: jicho asilimia kadha, kidole asilimia kadha, mkono asilimia kadha, na kwa kifo mapato ya miezi 96. Sheria hii ilipingwa mahakamani kwa miaka kumi, hadi Mahakama ya Juu ilipoihalalisha Desemba 2019, na tangu hapo dai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini badala ya mahakamani. Jedwali lenyewe halina ubaya. Bila ya hilo kibarua angepewa nauli na kuambiwa apone haraka. Lakini mapato ya miezi 96 ya mtu ambaye rasmi alifanya kazi siku moja ni kiasi gani? Mawakili huweza kubishana juu ya swali hilo kwa muda mrefu kuliko ulivyochukua mkono kukatika.

Haitakuwa haki kuwaandika wenye viwanda wote kwa wino mmoja. Wapo waliogundua, wengine kwa kulazimishwa na wanunuzi wa ng'ambo, kwamba maji yakisafishwa na kurudishwa mashineni bili ya maji hushuka, na kwamba mfanyakazi anayejua mashine yake haiharibu. Katika viwanda hivyo mkutano wa asubuhi huendeshwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Nairobi chenye sheng' na vicheko, na yeyote anaweza kusimamisha mtambo kwa kuubonyeza mchubuo mwekundu wa dharura bila ya kuomba ruhusa. Tofauti yao na wenzao haipo katika vyeti. Ipo katika jibu la swali moja: kati ya bawabu na afisa wa usalama wa watu, ni nani aliye na ufunguo?

Na nje ya ukuta kuna mto. Mto Nairobi, ambao jina lake linatokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi, huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, huteremka Dagoretti, ambako machinjio yamewahi kufungwa na NEMA kwa sababu ya uchafu yaliyoumwagia, hupita Kawangware na kuingia Chiromo chini ya madirisha ya maabara za chuo kikuu. Kwa kifupi, hufuata mwelekeo ule ule wa kibarua, kutoka magharibi kwenda mashariki, na kama yeye hulipita jiji pasipo kutazamwa. Baada ya Museum Hill huigusa bustani iliyopewa jina la John Michuki, Waziri wa Mazingira aliyefariki mwaka 2012, ambaye aliwahi kuwafanya wengi waamini kwamba maji haya yanaweza kurudi kuwa maji. Hatua chache mbele ni Kirinyaga Road, ambayo wenyeji wangali wanaiita Grogan. Hapo mafundi wa magari hufungua injini juu ya udongo mweusi, na oili kuukuu huijua njia ya kuelekea mtoni bila ya kuelekezwa.

Fundi wa Grogan akiulizwa kuhusu oili hiyo hujibu kwamba hana mahali pengine pa kuimwaga, na husema kweli. Jina la jua kali limemwondolea paa. Limemwondolea pia mfereji, pipa la taka na mkaguzi. Serikali huja pale kubomoa vibanda, na huja pale kuomba kura. Kati ya ziara hizo mbili, gari la kukusanya oili lingetosha kupunguza mengi, kwa kuwa oili kuukuu ina wanunuzi wake na inaweza kusafishwa ikatumika tena. Gari hilo lingehitaji ratiba, dereva na bango moja lililoandikwa kwa lugha ambayo fundi huitumia anapomtukana mteja.

Mashariki ya jiji Mto Ngong, uliokwisha kupita Eneo la Viwanda na kupokea vya kupokea, huungana na Mto Nairobi. Maji hayo huingia Athi. Athi hugeuka kuwa Galana katika nyika ya Tsavo. Galana huitwa Sabaki karibu na pwani, na Sabaki humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi, mahali ambapo wavuvi huita taka zinazoletwa na mto kwa jina moja tu: za bara.